Mhusika wangu ana sifa kumi na bado hana uhai. Nisaidieni kabla ya Jumatatu

#1 KalamuMpya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Nina kazi ya fasihi ya kukabidhi Jumatatu. Swali lenyewe fupi: "Buni mhusika mmoja, umweleze kwa maneno yasiyozidi 200 mpaka msomaji amwone." Nikaandika, nikaridhika, nikapeleka. Imerudi na maneno matatu ya wino mwekundu pembeni: "Huyu ni nani?" Basi. Hakuna alama, hakuna maelezo, nimeambiwa nirudie.

Nimeisoma mara kumi na kosa silioni. Sarufi iko sawa, tashbihi zimo mbili, sifa za nje zimo, sifa za ndani zimo. Hii hapa, msinionee huruma:

"Fundi wetu wa nguo ni mrefu, mweusi na mwembamba. Ana umri wa miaka 63. Macho yake ni makubwa kama ya paka na meno yake ni meupe kama theluji. Ni mpole, mkarimu, mchapakazi, mcheshi na mwenye busara. Anaipenda sana kazi yake. Watu wote wanampenda. Siku zote huvaa nguo nadhifu. Siku hizi haoni vizuri lakini hapendi watu wajue. Kwa kweli ni mtu wa kuigwa na jamii nzima."

Natanguliza shukrani.

#2 Nusu Ukurasa

Mkuu, umejaza fomu ya kitambulisho. Imebaki alama ya dole gumba.

#3 BintiMsimulizi

Nusu Ukurasa anatania lakini kagusa palepale.

Fanya jaribio dogo. Futa "fundi wa nguo", weka "daktari", soma tena. Weka "dereva", soma tena. Weka "jambazi mstaafu". Umeona? Hakuna sentensi hata moja iliyogoma. Mrefu, mpole, mkarimu, nadhifu, anapendwa: nguo hiyo inamkaa kila anayepita, maana yake haikupimiwa mtu. Nadhani mwalimu wako hakuwa na kejeli alipouliza huyu ni nani. Alitaka kujua kweli.

#4 KalamuMpya

Nimekusoma dada, ila hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Tuliambiwa mhusika anaelezwa kwa umbo, umri, mavazi, tabia na mahusiano yake na wengine. Kote huko nimepita. Sasa niongeze nini? Na maneno ni 200 tu.

#5 Wino Mwekundu

Usiongeze. Punguza.

Nimesahihisha kazi za fasihi kwa miaka mingi. Ukifika karatasi ya 30 hivi unaanza kuhisi unamsoma mtu yuleyule: mrefu wa wastani, mpole, anapendwa na wote, kabadilishwa jina tu. Na sikucheki, kwa sababu mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi niliandika juu ya nahodha "mwenye uso mchangamfu na moyo safi". Mwalimu akaisoma mbele ya darasa, nikadhani nasifiwa. Alipomaliza akaniuliza, "Nahodha huyu akiamka asubuhi, kitu cha kwanza anafanya nini?" Sikuwa na jibu. Nikagundua sikuwa nimempa hata chombo cha kuendesha.

Wanafasihi hutaja njia mbili kuu za kumsawiri mhusika. Kuna ya maelezo, ambapo msimulizi anakwambia waziwazi kwamba fulani ni mchoyo. Na kuna ya maonyesho, wengine huiita ya kidrama: fulani anatenda, anasema, ananyamaza, na uchoyo unauona mwenyewe. Zote halali. Ya maelezo inafaa sana ukitaka kumpitisha mtu haraka, mlinda mlango anayetokea mara moja na kupotea. Lakini wewe umepewa mtu mmoja, maneno 200, na umeitumia hiyo peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Mkarimu" ni jina tu la fungu la matendo. Matendo yenyewe umeyaacha nyumbani.

Hili ni somo la zamani mno. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, Mgiriki Theophrastus, mwanafunzi wa mwanafalsafa Aristotle, aliandika michoro 30 ya tabia za watu: mwenye kujipendekeza, mwoga, mpayukaji na wenzao. Kila mmoja unaanza kwa sentensi ya kueleza tabia hiyo ni nini, halafu unaachana na maelezo na kuingia kwenye vitendo. Yule mwenye kujipendekeza, kwa mfano, anatembea na mkubwa wake huku akimtoa unyuzi wa sufu kwenye joho. Miaka zaidi ya 2,300 imepita na mtu huyo hajafa. Kila mmoja wetu kamwona, akimpangusa bosi begani vumbi ambalo halipo.

Sasa turudi kwako. Kwenye aya yako kuna sentensi moja yenye pumzi, na umeipita mbio: "Siku hizi haoni vizuri lakini hapendi watu wajue." Hapo pana mtu. Fundi wa nguo anakula kwa macho yake, macho yanamkimbia, naye anaficha. Anafichaje? Mteja kasimama mbele yake, sindano haina uzi, anafanya nini? Mzee wako huyo yumo ndani ya swali hilo, maneno yote 200. Mengine yote ni mapambo.

Na madogo madogo. Huwezi kumpa macho ya paka mtu ambaye unatwambia haoni. Paka anaona hata penye mwanga hafifu. Tashbihi hiyo imekuja yenyewe kwa mazoea, hukuiita. "Watu wote wanampenda" sikuamini hata kidogo; nitajie mmoja asiyempenda na sababu yake, nitaanza kukuamini. Na ile "mtu wa kuigwa na jamii nzima" ipelekwe kwenye hotuba ya kumuaga mstaafu.

#6 KalamuMpya

Shikamoo mwalimu. Hapo kwenye macho umenishika kweli, sikuona kama nimejipinga mwenyewe.

Ila samahani, fundi wangu si mzee wa kiume. Ni mama. Nilikuwa namfikiria hivyo tangu mwanzo.

#7 Nusu Ukurasa

Loh! Mimi nilishamwotesha masharubu.

#8 Wino Mwekundu

Marahaba. Nami nilishamvalisha kofia. Nimerudi kusoma: hakuna neno hata moja linalosema ni mwanamke. Kosa nusu langu, nusu lako.

#9 BintiMsimulizi

Hapo mmefika ninapopapenda, ngojeni nivute kiti.

Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. A- ni a-. "Alikuja, akaketi, akalia." Nani? Unaweza kwenda kurasa 3 msomaji hajui, na kila mmoja atajaza kwa mazoea yake, kama hawa wawili walivyojaza masharubu na kofia. Ukilijua hilo unaweza kulitumia kumfumba msomaji makusudi. Usipolijua unaumbuka, kama leo.

Ukitaka ijulikane, "ni mwanamke" ni njia ya mkato isiyo na ladha. Mlete mtu amsalimie. "Shikamoo bibi." Maneno mawili tu: tumepata jinsia, tumepata umri, tumejua anayesalimia ni mdogo na anamheshimu. Angesema "Vipi fundi?" tungekuwa na mtu mwingine mlangoni. Na fundi akijibu "marahaba" huku ameshika kazi, au akiacha kazi ndipo ajibu, huko nako tunamjua.

Jambo jingine ni vitenzi vyako. Karibu kila sentensi ni "ni" au "ana". Ni mrefu, ana umri, ni mpole. Mtu anasimama kama picha ya ukutani. Tunayo hu-, mbona huitumii? (Umeitumia mara moja, kwenye nguo nadhifu, mahali pasipokuwa na faida.) Hu- inabeba desturi ya mtu katika kitenzi kimoja, ukisikia "hukata uzi kwa meno" unajua ni miaka yote. Ukishaweka hu- mbili tatu, ingiza -li- moja tu. Msomaji anashtuka, kwa sababu anajua leo kuna kitu kimetoka kwenye mstari. Tazama:

"Fundi hukata uzi kwa meno. Jana aliomba mkasi."

Uzee sijautaja, aibu sijaitaja, na hayo meno yake meupe sijayagusa.

Halafu kuna ngeli, ingawa hii ningekushauri uiweke akiba. Mtu uleule unaweza kumwita mzee, kizee au jizee, na mikono yake ikawa na vidole au madole. Ukiandika "madole yake yakakizunguka kikombe" umeshatoa hukumu. Hata upatanisho unasema: "kizee yule alikuja" bado ni binadamu, "kizee kile kilikuja" amevuliwa utu kwa silabi moja. Kama msimulizi wako anamdharau mtu, dharau ipitie hapo, na neno dharau lisionekane popote. Ila ukiifanya kwenye kazi fupi kama yako, mwalimu anaweza kuzungushia duara akidhani umekosea sarufi. Iweke kinywani mwa mhusika, kwenye mazungumzo, hapo hakuna atakayekugusa.

#10 Mtu wa Jukwaa

Naona mnamkimbiza kijana kutoka kwenye mwili, na mimi sikubali. Mwili unasema. Nikimwandaa mwigizaji, kabla hajashika maneno yake tunaanza na namna anavyotembea: uzito uko kisiginoni au vidoleni, mikono inaning'inia au imeshikana. Swali la mwanzisha uzi linasema "mpaka msomaji amwone". Amwone! Mkimnyima umbo ataona nini, roho? Mtu aliyeinamia cherehani miaka 40, shingo yake ina habari, mgongo wake una habari.

#11 BintiMsimulizi

Shingo na mgongo nakupa, tena chukua na vidole. Ninachokataa ni "mrefu" iliyokaa peke yake haina kazi. Mrefu mpaka ikawaje? Kama urefu wake unamfanya ainame kila mlango, hata ule mkubwa ambao kichwa hakiwezi kugusa, basi urefu umeingia kwenye tabia, maana huyo kaumia zamani na mwili haujasahau.

#12 Mtu wa Jukwaa

Haya, yaishe. Huyo anayeinama penye mlango mkubwa ningemweka jukwaani kesho.

#13 Mpita Uzi

Samahani kuingilia uzi wa mwenzangu. Kazi yangu ni ya aina nyingine. Tumesoma riwaya, swali likaja: "Jadili sifa za mhusika mkuu." Nilitoa 6: maskini, yatima, mlezi wa wadogo zake, mvumilivu, analia mara kwa mara, jasiri. Nimekatwa 4. Na zote zimo kitabuni!

Na hapohapo, kuna mtu anielezee bapa na duara kwa lugha ya kawaida?

#14 Wino Mwekundu

Ngoja nibahatishe zilizobaki: mvumilivu na jasiri.

Umaskini na uyatima ni hali, yaani mambo yaliyomkuta. Ulezi ni nafasi yake katika familia. Kulia ni tendo. Linaweza kuwa ushahidi wa sifa, lenyewe halijawa sifa. Sifa ni namna anavyoubeba huo umaskini. Chukua watu wawili, wote nguo zimetoboka. Mmoja anakaa akifunika kiraka kwa kiganja, mwingine anakigeuzia upande wa watu ili wamwonee huruma. Hali yao moja, sifa zao mbili. Mlio wa kalamu nyekundu unausikia hapo.

Kisha kila sifa iende na ushahidi wake, na useme ushahidi umetoka wapi: katika aliyotenda, aliyosema, aliyonyamazia, waliyosema wengine juu yake, au aliyosema msimulizi. Wengi hunukuu tu na kuendelea, wakati ushahidi huo hauna uzito sawa. Hasimu wake akisema "huyu ni mwizi", pengine tumejua zaidi juu ya hasimu kuliko juu yake. Akijisifu mwenyewe, ndiyo usimwamini haraka. Hata msimulizi wa nafsi ya kwanza ana kesi yake ya kutetea. Na ukikuta tendo linalogombana na sifa uliyokwisha kuiandika, usilifukie. Lilete, uliulize. Mimi nikiona mwanafunzi kaandika "ni mkarimu, lakini kwenye sura ya pili alimfungia mgeni mlango, kwa nini?" naweka kalamu chini nasoma kwa raha.

Bapa na duara: mgawanyo huo ni wa E. M. Forster, mwandishi wa riwaya Mwingereza, kwenye mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka 1927. Bapa amejengwa juu ya wazo moja, unaweza kummaliza kwa sentensi. Duara ana pande nyingi, na kipimo chake Forster alisema ni hiki: je, anaweza kutushangaza na bado tukamwamini? Akitushangaza tusimwamini, ni bapa anayejifanya duara. Vitabu vyetu vya fasihi vikaongeza mafungu, bapa-sugu asiyebadilika hata mambo yakibadilika, bapa-vielelezo ambaye jina lake linaeleza tabia yake, na shinda anayekaa katikati akiwaegemea wengine ili aonekane. Jifunze majina hayo kwa ajili ya mtihani, lakini usigeuze "bapa" kuwa tusi. Sungura wa kwenye ngano ni bapa na hatujamchoka. Siku akiamka amekuwa mjinga bila sababu, hadithi imekufa.

#15 Mpita Uzi

Kweli zimebaki hizo hizo mbili. Asante sana mwalimu, najitoa taratibu.

#16 Mwenye Miwani

Narudi kwa fundi. Fasihi siijui, ila macho ya uzee nayajua, ninayo.

Mwanzisha uzi umeandika "haoni vizuri" kana kwamba kila kitu kimeingia ukungu. Haiendi hivyo. Lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa kadiri miaka inavyosogea, na wengi huanza kulihisi kwenye miaka ya 40. Vinavyotangulia kupotea ni vya karibu: maandishi madogo, tundu la sindano. Vya mbali unaweza kuviona kama zamani. Kwa hiyo fundi wako mwenye miaka 63 anaweza akamtambua mtu ng'ambo ya barabara kwa mwendo wake, na asilione tundu la sindano aliyoishika mwenyewe.

Na mtu wa namna hiyo hasogezi kitu karibu. Anakipeleka mbali. Mbali, mbali kidogo tena, mpaka mkono unamwishia. Mimi nilifanya hivyo na magazeti miaka 2 kabla ya kukubali miwani. Nilikuwa naisingizia taa.

#17 Nusu Ukurasa

"Mpaka mkono unamwishia." Mtu hajui fasihi, anasema.

#18 KalamuMpya

Wakuu, nimekaa nayo usiku kucha. Rasimu ya pili:

"Bi Subira alichukua sindano akaipeleka mbali na uso wake mpaka mkono ukamwishia, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuzeeka. Hakutaka mteja ajue kwamba haoni kwa sababu alikuwa mwanamke mwenye fahari na aliogopa kupoteza wateja. Kwa hiyo alimwita mtoto aliyekuwa karibu akamwambia, 'Njoo nikufundishe kutunga uzi.' Kwa kweli hakuwa anamfundisha, alikuwa anaficha udhaifu wake. Mtoto alitunga uzi. Bi Subira alifurahi sana ndani ya moyo wake."

#19 BintiMsimulizi

"Njoo nikufundishe kutunga uzi." Wewe! Hiyo umeitoa wapi? Nimecheka, halafu kicheko kikanigeuka. Ndiye huyo. Kapatikana.

Sasa mwachie nafasi apumue. Umetega kitendawili ukakitegua mwenyewe, hata mji hatujakupa. "Kwa sababu" mbili, "kwa kweli" moja, "kwa hiyo" moja: kila tendo umelipa mlinzi wa kulieleza. Toa "kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuzeeka", mkono umeshasema. Toa fahari. Toa sentensi yote ya "hakuwa anamfundisha". Msomaji akijua mwenyewe kwamba huyu bibi anadanganya, atajiona amegundua siri, na mtu hamsahau yule ambaye siri yake kaigundua mwenyewe.

Na "alifurahi sana ndani ya moyo wake", huko moyoni uliingilia wapi? Mtu anayeficha hivyo, mbele ya huyo mtoto atajikausha. Pengine hata atamkosoa.

#20 Mtu wa Jukwaa

Mimi nagomba na jina. Bi Subira. Hiyo ni majazi, yaani jina linalotaja tabia ya mwenye nalo, na majazi ina mahali pake. Kwenye ngano, kwenye tamthiliya ya kejeli, jina likimtangulia mhusika kama mpiga mbiu, watu wanafurahi. Kwenye aya ya maneno 200 inayotaka nimgundue polepole, jina limeshanipa nusu ya jibu.

#21 Wino Mwekundu

Naunga mkono. Ama lifute, ama, kama unalipenda sana, mfanye awe mtu asiye na subira hata chembe.

Swali moja, kijana. Huyo mtoto ni wa kwanza kuitwa? Kama hila hii ameifanya mara nyingi, kuna mtoto mmoja mahali fulani ameshajua.

#22 KalamuMpya

Mwalimu, hilo swali limeninyima usingizi mwingine. Jina nimefuta. Kwa bahati nzuri nimebaki chini ya maneno 200. Hii hapa:

"Mteja akiwa bado mlangoni, fundi ameshampima. 'Umepungua kiuno,' atasema, na futi ikizungushwa itasema hivyo hivyo. Kwa vya mbali hana mpinzani. Sindano ndiyo kesi. Huielekeza dirishani, huipeleka mbali na uso, mbali tena, mpaka mkono unamwishia. Kisha humgeukia mtoto yeyote aliyetumwa na nguo.

'Shikamoo bibi.'

'Marahaba. Njoo nikufundishe kutunga uzi.'

Mtoto hulamba ncha, hupitisha mara moja tu. Fundi hutikisa kichwa. 'Umeharakisha. Lakini si mbaya.'

Kwa wiki hufundisha watoto wanane, tisa. Mmoja ameshafundishwa mara nne.

Jana alikuja huyo wa mara nne. Alisalimia, akasogea mezani kabla hajaitwa. Akazichomoa sindano sita zilizochomekwa kwenye kitambaa, akazitunga zote, akazirudisha moja moja, nyuzi zikining'inia upande mmoja. Fundi alikuwa anakata suruali. Mkasi ukasimama.

'Nani kakwambia?' aliuliza kwa huzuni.

'Hakuna. Nimezoea tu.'

Mkasi ukaendelea. Ulipofika mwisho wa chaki, fundi alisema bila kuinua kichwa, 'Ya tatu umeiacha fupi.'"

#23 Mwenye Miwani

Ya tatu hajaiona huyo. Anabahatisha!

#24 BintiMsimulizi

Au nyuzi kaziona kwa mbali. Ndiyo uzuri wake, sijui, na sitaki aniambie.

#25 Wino Mwekundu

Huyu sasa namjua. Futa "kwa huzuni", halafu kabidhi.

#26 KalamuMpya

Nimefuta.

#27 Nusu Ukurasa

Nina suruali imefumuka pindo. Huyo bibi anafungua saa ngapi?